Pikapu Iliyopimwa Ikiwa na Mzigo

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla ya kwenda shuleni, Mbithe alikuwa na kazi moja: kumsaidia Susu kupanda pikapu. Susu ndivyo alivyomwita nyanya yake, Kalondu. Figo za Susu zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe hospitalini Thika damu yake ikasafishwe kwa mashine. Akichelewa hata kidogo, miguu ilivimba. Akichelewa siku moja, pumzi ilianza kumwishia. Akichelewa mbili je? Nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kisha mvua za Aprili zikaja, zikasomba kalvati, lile daraja dogo la kijito kilicho kati ya kijiji chao na barabara ya Thika. Yakabaki mawe matupu. Pikapu ile ilikuwa kuukuu, mali ya marehemu babu. Nguvu ilikuwa nazo, maana ilivuta kwa magurudumu yote manne, lakini tumbo lake lilikuwa chini mno. Mara mbili ilikwama juu ya mawe Susu akiwa ndani, akiugua kimyakimya.

"Lazima tuiinue," akasema Musembi, babake Mbithe, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani Thika. Akampigia simu Magdalene, mama wa Ruiru aliyeuza vipuri vya magari. Watu walimwita Mama Shiko.

"Mimi siuzi springi za kuinua gari kwa kukisia, Baba Mbithe," Mama Shiko akajibu. "Nipimie kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, bati lililo juu yake. Na gari liwe tupu kabisa, umenisikia? Tupu!"

Musembi alikuwa na zamu siku hiyo, kwa hiyo akamwachia Mbithe tepu ya kupimia. "Wewe ndiye mwenye hesabu hapa nyumbani, mama. Teremsheni magunia ya samadi yaliyo garini, wewe na Trizah, kisha upime."

Yalikuwa magunia kumi na manane, madogo, lakini samadi ya mbuzi ni nzito. Mbithe na rafiki yake Trizah waliteremsha mawili, jua likawachoma, wakaanza kutazamana.

"Aii, Mbithe, mpira unaanza saa hii!" Trizah akalalamika. "Kwani magurudumu yatahama? Tupu, limejaa, gari si ni lile lile?"

Mbithe alijua si kweli. Hata hivyo akachukua tepu, akapima upesi upesi, akaandika tarakimu nne kwenye karatasi. Kisha wakakimbia uwanjani; magunia waliyateremsha jioni, kabla Musembi hajarudi. Lo, uvivu! Ulimpa mchezo wa saa moja tu, na gharama yake hakuijua.

Jumamosi Mbithe na babake walikwenda Ruiru kwa matatu. Mama Shiko alivaa miwani yake, akaisoma ile karatasi, akakunja uso.

"Mbele sentimita arobaini na saba kila upande, sawa. Nyuma kulia arobaini na moja, kushoto thelathini na nane? Kai! Mbona linalala upande? Msichana, ulipima likiwa tupu?"

Mbithe akamtazama babake. Musembi alikuwa akitabasamu, kifua mbele, kwa kuwa bintiye alikuwa akiulizwa maswali kama fundi. Angemwambiaje?

"Ndiyo," akasema. Akahisi masikio yakimwaka moto.

Mama Shiko akashusha pumzi. "Basi springi za nyuma zimekwisha kabisa. Nilikuwa nimekuwekea hizi za inchi mbili, laini, zinazofaa mgonjwa. Hazitatosha. Vile vitalu vya chuma vya kuweka chini ya springi ni rahisi, lakini mgonjwa wenu atarushwarushwa. Chukua za inchi nne, nzito, za magari ya kubeba mawe. Kwa vipimo hivi, zitairudisha pikapu pale ilipokuwa ikiwa mpya na kupita kidogo tu. Mpira wa breki wa zamani, ule unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni, utafika."

Musembi alizifunga mwenyewe Jumapili baada ya kanisa. Pikapu ikainua mgongo juu sana. "Tazameni!" akacheka. "Sasa hata Mto Athi tutauvuka!" Hakujua kwamba chini kule mpira wa breki ulikuwa umevutika hadi mwisho. Mbithe naye alicheka, lakini hakuitazama pikapu.

Jumatatu walivuka, ingawa Susu alirushwa hadi akalia. Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa, Mbithe alikaa nyuma na Susu kwenye godoro. Waliposhuka kuelekea kijitoni, gurudumu la nyuma likatumbukia shimoni na ule mpira ukakatika. Musembi akakanyaga breki, mguu ukaenda hadi chini bila kushika kitu.

"Shikaneni!" akapiga kelele, akaielekeza pikapu kwenye ukuta wa udongo. Ikagonga, ikasimama. Mungu alisaidia, hakuna aliyevunjika. Lakini Thika ilikuwa mbali, na Susu hakuweza kukaa juu ya bodaboda. Majirani walimvusha mawe wakimbeba kwenye kiti, na kupata gari lingine upande wa pili kukachukua hadi kesho yake jioni. Alipofika hospitalini, maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Akalazwa, akawekewa oksijeni.

Siku zilizofuata, Mbithe aliacha chakula kwenye sahani. Alimwona Susu kitandani, uso umevimba hata hakumtambua. Alitamani kusema, akashindwa. Alitamani kulia, akaona hana haki ya kulia. Kila alipofumba macho aliyaona yale magunia kumi na sita yamekaa garini.

"Yule mama ametuuza," babake akawa anarudia. "Kesho nitamwonyesha!"

Kweli kesho yake wakawa dukani Ruiru, na Musembi akafoka mbele ya wateja. Mama Shiko hakujibu ukali kwa ukali. Akauliza tu, "Mgonjwa yuko aje?"

"Anapumulia mashine!"

Mama Shiko akaketi juu ya tairi, akavua miwani. Ile karatasi ya vipimo ilikuwa mkononi mwake. "Miaka ishirini na miwili nafanya kazi hii," akasema polepole. "Nimeipiga hesabu hii tena na tena, sioni kosa langu. Lakini kama nimeua mama ya mtu, Ngai, nifunge tu hili duka." Machozi yakamtoka.

Mbithe hakuweza kuficha tena.

"Si wewe, Mama Shiko," akasema. "Ni mimi. Gari lilikuwa na mzigo. Nilisema uongo. Baba, ni mimi!"

Wateja wakageuka. Musembi akamtazama bintiye kana kwamba hamjui. Hakumpiga, na Mbithe aliona heri angempiga. Kisha akamgeukia Mama Shiko, akainamisha kichwa na kumwomba msamaha.

"Rudisheni springi za zamani," Mama Shiko akasema akifuta macho. "Toeni kila kitu garini. Na huyu huyu apime."

"Siwezi," Mbithe akalia. "Mtume mtu mwingine, Baba."

"Hapana," babake akasema. "Ni wewe."

Nyumbani, springi za zamani zilipokwisha kufungwa, Mbithe alitoa jeki, sururu, godoro na tairi la akiba, akafagia hata mavumbi ya samadi. Akapima mara nne. Nyuma: arobaini na sita, arobaini na sita. Mama Shiko akawapa zile springi laini za inchi mbili, shokomzoba zake za kupunguza mtikiso, na mpira wa breki mrefu zaidi.

Baada ya siku kumi na moja Susu aliruhusiwa kutoka. Pikapu ilipita juu ya mawe ya kijito bila kuyagusa. Hakuna aliyeshangilia. Susu hakuweza tena kuketi bila kushikwa, na mikono yake ilitetemeka hata asiweze kumalizia kiondo alichokuwa akisuka.

"Susu, nisamehe," Mbithe akanong'ona.

"Nilishakusamehe," Susu akasema. "Lakini sikiliza. Uvivu ni kosa, nao hurekebishwa kwa kazi ya saa moja. Wewe uliulizwa, mwanangu. Pale pale ungesema 'hapana' na kurudi kupima upya. Uliona aibu mbele ya baba yako, na aibu hiyo tumeibeba sote. Ukiulizwa jambo, sema lilivyo, hata likikuumiza."

Jumatatu iliyofuata, Susu alikuwa amelazwa kwenye godoro na injini ikinguruma. Musembi akachungulia dirishani.

"Mbithe, mlango wa nyuma umefungwa sawasawa?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Mbithe akalimeza.

"Sijui, Baba," akasema. "Ngoja niangalie."

Akashuka, akaenda kuangalia.