Kifungo cha Kijani Kwenye Bango la Nesi

— Huo mkono naujua.

— Mkono gani tena, shoga?

— Huo ulioshika kiuno cha Nesi. Ni wa mchumba wangu.

Msusi alishusha kitana. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, mimi futi ikining'inia shingoni, yeye amemwacha mteja saluni na nusu kichwa, sote tumetoka kutazama bango jipya la kampeni lililotundikwa Jumanne ile asubuhi mbele ya vibanda vyetu. Nesi wa zahanati yetu anagombea udiwani. Bangoni alikuwa anacheka, ameinamisha shingo pembeni kama mtu aliyenong'onezwa jambo tamu, na nyuma yake mkono wa mwanaume umetua kiunoni. Mwenye mkono hakuwepo. Amekatwa, hana kichwa wala kifua. Chini, kwa herufi nyekundu: HANA MUME, ANA WANAUME. KATA INATAKA KIONGOZI. Na pembeni kabisa mpinzani wake, Mzee Matofali, ndani ya suti, amekunja mikono kama baba wa dunia nzima.

— Mikono ya wanaume inafanana, Msusi akasema.

— Vifungo havifanani. Tazama hapo kwenye mkono wa shati.

Akatazama. Kimoja cheusi, cha pili cheusi, cha tatu kijani.

Lile shati nilimshonea mwenyewe. Vifungo vyeusi viliniishia kikiwa kimebaki kimoja, nikaweka cha kijani nikasema nitabadilisha. Akakataa. Eti, "Acha hivyo hivyo, nitakukumbuka kila nikikunja mkono." Haya, na mimi nikamkumbuka.

Niwaambie mapema, mwenzenu nina wivu. Wengine wana vidonda vya tumbo, mimi nina huu. Mchumba wangu ni fundi wa spika na maiki, mtaa mzima unamwita Waya, na kazi yake ni kuwavalisha watu maiki. Mwaka jana alimvalisha mwimbaji mmoja, nikapanda jukwaani na mkasi mkononi. Nilipoulizwa nimefuata nini, nikasema kuna uzi unaning'inia kwenye gauni lake, nimekuja kuukata.

Na huyu Nesi alikuwa na faili lake kichwani mwangu. Waya alipopigwa na umeme alilazwa zahanati siku nne, akatoka anasifu: "Yule nesi ana mkono mwepesi, sindano huisikii." Kwa hiyo wangu mzito? Na harusi yetu ilikuwa imebaki wiki tatu. Koti lake la harusi lilikuwa mezani kwangu, halina hata mikono.

Wiki ile shati lile alilivaa Jumamosi tu. Nikampigia.

— Haloo, mpenzi.

— Jumamosi ulikuwa wapi?

— Si nilikuambia? Kwenye mahafali ya shule, nafunga spika.

— Ulivaa shati gani?

Fundi wa sauti akinyamaza, ujue kuna waya umekatika.

— Nakuja tuongee, akasema.

Nikakata simu. Sasa mtu mwenye akili hapo angesubiri. Mimi nikafungua grupu la kamati ya harusi, watu arobaini na kitu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi:

"Wanakamati, habari za asubuhi. Naomba kila kitu kisimame. Bwana harusi wenu yuko barabarani kwenye bango, amemkumbatia Nesi. Mkono ni wake, kifungo cha kijani nimekishona mimi kwa vidole vyangu. Asanteni."

Kabla ya saa sita mchana, sauti yangu ilikuwa imefika mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kufika. Saa saba simu ikaita, namba ngeni.

— Dada mshonaji? Mratibu wa kampeni ya Mzee Matofali hapa. Pole sana, dada yangu. Tumeisikia sauti yako, tumeumia.

— Asante.

— Jumamosi hii tuna mkutano uwanjani. Panda jukwaani kwetu dakika mbili tu, uwaeleze akina mama wenzako. Na kama machozi yatakuja yenyewe, usiyazuie.

— Nitakuja.

Nilijibu haraka kuliko nilivyomjibu Waya siku aliponiposa.

Alasiri Waya akaja. Alikuwa amebeba suruali ya harusi niliyompa akajaribie nyumbani, ameikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani. Hakukaa.

— Nilikudanganya, akasema. — Hayakuwa mahafali. Ulikuwa mdahalo wa wagombea, pale ukumbini. Nilimvalisha Nesi maiki.

— Kiunoni?

— Ulitaka kisanduku cha maiki nikifunge kisogoni? Kinabanwa kiunoni kwa nyuma, waya unapita juu, maiki inakaa kifuani. Kila mtu navalisha hivyo.

— Bangoni hakuna kisanduku. Waya hakuna. Kuna mkono tu.

— Wamevifuta.

— Wamefuta! Na uliponiambia mahafali, ukweli mdomoni mwako waliufuta akina nani?

— Ningekuambia nakwenda kumvalisha Nesi, ungekuja na mkasi.

Hapo alinipata penyewe, lakini wivu haukubali kufungwa bao, unadai faulo.

— Kwa hiyo kosa ni langu?

— Kudanganya ni kosa langu, nimelibeba. Lako lisikilize sasa. Leo zahanati Nesi amezomewa. Kuna mama mjamzito amekataa kupimwa naye, ameondoka. Ule mkono ulikuwa hauna mwenyewe, watu wangeubishania siku mbili wakachoka. Wewe umeupa jina. Umewashonea uongo wao, ukaupiga na pasi.

— Unamtetea!

— Ona.

— Nione nini?

— Nimekutajia mama mjamzito, umesikia Nesi peke yake.

Akaisukuma ile suruali kwangu.

— Mpunguzie mwingine. Kazi yangu ni hii, na nusu ya wateja wangu ni wanawake. Siwezi kuoa kesi ya kila siku.

Akaondoka. Nilitaka kumwita, lakini pini zilikuwa mdomoni. Sijui nilizibana kwa meno saa ngapi.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilijifungia ndani nikawa nashona pindo la kitambaa ambacho hakikuhitaji pindo. Mlango ukagongwa.

— Wifi! Fungua, najua upo, nasikia cherehani!

Alikuwa dada yake Waya, mpiga picha wa shughuli na mikutano. Aliingia na kompyuta yake kifuani, macho mekundu.

— Zile picha niliwapa mimi, wifi. Kambi zote mbili ziliomba picha za mdahalo, nikawatumia. Sikujua watamfuta kaka yangu wabakize mkono.

— Nionyeshe nzima.

Akaifungua. Ukumbi umejaa watu, mchana kweupe. Waya amepiga goti moja, ametoa ulimi pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, macho yote kwenye kisanduku cheusi chenye waya. Mpenzi gani duniani anabembeleza kwa ulimi ule?

— Na huyu anacheka nini? nikauliza, kwa sababu wivu ulikuwa bado unapumua.

— Mzee Matofali alikuwa amekaa mbele yake anasubiri zamu, akasema yeye, kwa tumbo lake lile, maiki itabidi ifungwe kwa kamba. Ukumbi mzima ulicheka. Ngoja, zamu yake hii hapa.

Akabonyeza. Picha iliyofuata: Mzee Matofali amenyanyua koti, mkono wa Waya umetua kiunoni mwake, vyeusi viwili, kijani kimoja. Na mzee anacheka! Ametekenyeka, ameinamisha shingo vile vile.

— Wifi, nikasema taratibu. — Mkono ule ule.

— Ule ule.

— Siku ile ile. Mbona hii hawakuipeleka barabarani?

— Nani atazomea? Mwanaume akishikwa kiuno ni maiki. Mwanamke akishikwa kiuno ni tabia.

Nilicheka mpaka nikalia, halafu kicheko kikaisha, kilio kikabaki peke yake. Mimi, mshonaji, mtu ninayeishi kwa kukata vitu, nilishindwa kujua kuwa kuna mtu ameshika mkasi.

— Utaichapisha hii kubwa, nikamwambia. — Kwenye kitambaa, kama bango lao. Pindo nashona mimi.

— Uipeleke wapi?

— Nina mwaliko wa jukwaani Jumamosi. Nimeombwa machozi.

Uwanja ulijaa. Mratibu alinipokea kama mkwe.

— Dada yetu! Umekuja na leso?

— Nimekuja na kitambaa kikubwa kuliko leso, nikasema.

— Safi! Fundi, mvalishe maiki huyu dada.

Fundi akageuka. Unadhani ni nani? Spika za Waya hazina chama, anayemwita anamfungia, na Mratibu hakujua kuwa mkono wa bangoni ni wake. Alinitazama, akatazama chini, akaja na kisanduku.

— Geuka, akasema.

Nikageuka. Mikono yake ilikuwa baridi. Klipu ilikuwa inagoma kwenye mkanda wa gauni langu.

— Umekuja kunimaliza, akanong'ona.

Nimekaa na huyu mtu miaka mitatu, kitufe cha kile kisanduku nakijua hata gizani. Nikapeleka mkono nyuma, nikabonyeza.

— Mkono wako uko wapi sasa hivi?

Spika nane zikauliza uwanja mzima: MKONO WAKO UKO WAPI SASA HIVI? Watu wote wakageukia jukwaa.

— Umewasha! Waya akashtuka, na spika nazo zikashtuka.

— Jibu, fundi.

— Uko... kiunoni kwako.

— Unanibembeleza?

— Nafunga kisanduku! Klipu imegoma!

Uwanja ukaangua kicheko.

— Kwenye mdahalo, Nesi ulimfanyaje?

— Hivi hivi.

— Na Mzee Matofali?

Waya akamtazama mzee aliyekaa kiti cha mbele na mkewe.

— Hivi hivi. Ila yeye mkanda ulikuwa mgumu zaidi.

Nikageukia watu.

— Mimi ndiye mshonaji wa ile sauti mnayotumiana. Nilisema mkono ni wa mchumba wangu, na ni wake kweli. Ila kazi ambayo mkono huo ulikuwa unafanya wameifuta, wakaniachia mkono tu, na wivu wangu ukajaza mengine. Nesi hajanikosea kitu. Mimi ndiye niliyemkosea. Wifi, fungua!

Wifi na Msusi wakakunjua kitambaa mbele ya jukwaa. Mzee Matofali, mita nne kwa tatu, ametekenyeka.

— Kifungo kile kile! Haya, nisaidieni, hapa chini tuandikeje? HANA MKE, ANA WANAUME?

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Mratibu alikuwa anakimbia kuelekea kwenye mitambo.

— Zima! Fundi, zima hiyo maiki!

Waya alikuwa amesimama karibu yangu, kidole chake hatua moja kutoka kwenye swichi. Akanitazama. Ule ulimi ukatokeza pembeni.

— Samahani, mkuu, akasema kwa utulivu. — Imegoma.

Aliyemaliza mkutano ni mke wa Mzee Matofali. Alisimama, akakitazama kile kitambaa, akamtazama mumewe.

— Baba watoto, ungependa hii wakaione wanao barabarani?

— Mama watoto, lakini siasa...

— Lile bango la yule binti lishushwe. Leo.

Likashushwa. Ingawa nisiwadanganye, ile picha iliyokatwa hadi leo inazunguka kwenye simu za watu, na ile nzima haina mbio kama yake.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda zahanati. Nesi alikuwa anaosha mikono.

— Umenipa siku nne mbaya, akasema bila kugeuka.

— Najua. Nimekuja kuomba msamaha.

— Nimeusikia uwanjani. Kuupokea nimeupokea, kuuzoea kutachukua muda. Akajifuta mikono. — Kaa hapo nikupime presha. Wivu kama wako lazima upandishe.

Ilikuwa imepanda. Na mkono wake ni mwepesi kweli, jamani, nisimnyime haki yake.

Nikiwa njiani ujumbe ukaingia.

"Suruali yangu iko wapi?"

"Nimempunguzia mwingine, si ndivyo ulivyosema?"

"Nani?"

"Mwanaume mmoja."

"MWANAUME GANI? Niko hapa kibandani kwako. Nani huyo?"

Kumbe na yeye anao! Nilisimama barabarani nikacheka peke yangu. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, kalishika lile koti lisilo na mikono.

— Sitakudanganya tena nakwenda kumvalisha nani, akasema.

— Na mimi sitakuja na mkasi.

— Hata mara moja?

— Nitauacha mlangoni.

Siku ya harusi Nesi alikuja. Ilipofika zamu ya salamu zake, maiki nilimvalisha mimi, na shela langu kichwani, ulimi pembeni, Waya akinielekeza kwa mbali: "Juu kidogo, mke wangu, usimbane!" Watu walicheka, Nesi akacheka, ameinamisha shingo vile vile.

Wifi aliinua kamera kutupiga picha maharusi, halafu akaishusha.

— Wifi, koti jeusi, vifungo vyeusi, halafu hicho kimoja cha mkononi kijani? Vimekuishia tena?

Nikamshika mume wangu mkono, kifungo kikatazama mbele.

— Havijaisha. Piga, wifi. Na kichwa chake kiwemo.