Githeri Kabla ya Meza ya Bwana

"Githeri yangu hutaki, lakini mkate wangu utaubeba kanisani?"

"Mkate ni wa Bwana, Mama Sue."

"Ni wa Bwana, lakini umekandwa na mikono hii hii unayoikimbia."

Mume wangu Ndegwa alisimama mlangoni na suti yake ya mzee wa kanisa, macho kwenye mkate niliooka alfajiri kwa ajili ya Meza ya Bwana. Tangu ile mvua kubwa ya Elburgon alikuwa akila hotelini, pale steji ya matatu. Siku hiyo alimkuta Micah mezani petu. Micah alitaka kunioa kabla yake. Alileta mbao za zizi, akanyeshewa, nikampakulia.

"Ulimketisha kwenye kiti changu."

"Kiko karibu na jiko. Mtu alikuwa anatetemeka."

"Na moyo wako?"

"Ningemtaka Micah, ningeolewa na Micah. Nilikuchagua wewe, nawe unatafuta watu wa kukupikia."

Akanyoosha mkono kuuchukua mkate.

"Micah hukaa safu ya mbele, Baba Sue. Leo ukigawa mkate, utamruka?"

Simu yake ikalia. Ujumbe wa mchungaji: "Mzee, tunangoja mkate. Wimbo unaisha."

"Mjibu," nikasema.

Akaandika, akanionyesha: "Imbeni mwingine. Kuna meza niliikimbia."

Akavua koti. Akafungua hotpoti ya chakula iliyokuwa mezani. Ndani mlikuwa na githeri ya jana, fungu lake, ambalo nilimwekea kila jioni na kulila mwenyewe asubuhi.

"Nikupashie?"

"Hapana. Keti."

Akainamisha kichwa.

"Bwana, chakula hiki..."

Sauti ikakatika. Huyu mtu huombea kanisa zima bila kukwama. Nikajikuta nafunga kitambaa kichwani, kana kwamba tuko ibadani.

Kijiko kilikuwa kimoja. Akala, akanilisha, nikala, nikamlisha. Mahindi yale yale, maharagwe yale yale, baridi, na niliogopa hata kutafuna kwa sauti. Tulikaa wawili jikoni, lakini nilijua hatukuwa peke yetu.

Githeri ilipoisha, akapiga simu.

"Micah, uko kanisani?"

"Niko, mzee. Kuna shida?"

"Hakuna. Mchana unakula kwetu. Kiti unakijua."

Akavaa koti, akaubeba mkate kwa mikono miwili. Nikamfungulia mlango.