Wakili wa Tumbili

Kila alasiri akitoka shuleni, Salsabil wa darasa la sita alivuta kigoda hadi dirisha la jikoni, akafungua daftari lake kwa umakini wa karani wa mahakama. Mwalimu Bonface alikuwa ameagiza kila mwanafunzi alinganishe mnyama na ndege kwa wiki nzima, aandike anachokiona tu. Salsabil alichagua tumbili na shore, yule ndege wa kichwa cheusi anayeimba alfajiri. Wote wawili walikuwa wageni wa mipapai ya bibi yake, pale Magogoni.

Bi Mahfoudha, bibi yake, hakuhitaji daftari. Kwake, shore ni mwimbaji na tumbili ni mwizi, basi. Kila papai lililotobolewa, tumbili ndiye aliyelaaniwa.

"Jumamosi Lewa ataleta mtego," alitangaza.

"Sikubali!"

"Salsabil!"

"Abee, Bibi. Lakini sikubali. Tumbili hung'oa papai zima kwa mikono, akakimbia nalo. Haya yangali mtini, yana matundu ya mdomo wa ndege. Nimeyahesabu, saba!"

"Ndege aimbaye vile, aibe?"

"Huimba akishashiba."

Jumamosi jirani yao Lewa alifika na mtego wake wa waya. Alimkuta Salsabil amesimama mbele ya mpapai, mikono kiunoni.

"Huupiti mpapai huu, Mjomba."

Lewa akacheka. "Wakili wa tumbili! Na huyo mteja wako hajachukua hata moja?"

Daftarini, Alhamisi, Salsabil alikuwa ameandika: "Sikuona kitu." Uongo. Alimwona tumbili jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni, akiondoka na papai kubwa kuliko yote. Akilisema hilo, mtego utategwa.

"Amechukua moja," alisema, kidevu juu. "Nililificha. Sasa naliandika. Lakini moja si saba, na mtego bado sikubali!"

Bi Mahfoudha, aliyekuwa akiwasikiliza, aliusogelea mpapai, akatia ncha ya kidole katika tundu la papai. Hakikuingia; tundu lilikuwa dogo, la mdomo wa ndege.

"Lewa, rudi nyumbani na mtego wako. Tutayafunga mapapai kwa magunia." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Ungelinificha hilo moja, wallahi nisingeliyaamini hayo saba. Umesema kweli iliyokuumiza, ndiyo maana nimekusikiliza. Nenda ukaandike yote. Na jina langu usilitie!"