Wizi wa Madirisha Matatu

Madirisha matatu yalikuwa yameibiwa katika ofisi ya kampuni ya kahawa mjini Mbinga. Ndivyo Konstebo Stephano alivyoandika kwenye kitabu cha taarifa, kwa mwandiko wake mzuri wa seminari, na ndivyo alivyomsomea Inspekta Sefu Shemdoe asubuhi ile ya Julai, wakati baridi imebana hata kalamu haishikiki.

"Ya mbao au ya chuma?" aliuliza Inspekta.

"Hakusema, Afande. Aliyepiga simu alikuwa amepandwa na hasira."

Wakaenda kwa miguu, maana Landrova ya kituo ilikuwa juu ya mawe ikisubiri magurudumu. Walilizunguka jengo zima. Kila dirisha lilikuwa mahali pake, vioo vizima, nondo zimekaza. Mlinzi, mzee Othmar, ndani ya koti la mtumba lililomfika magotini, aliwafuata nyuma nyuma.

"Shikamoo, mzee," Stephano alimwamkia.

"Marahaba, baba. Mimi nimeyakagua tangu alfajiri. Hakuna lililovunjwa. Labda mwizi alikuja, akaghairi."

Meneja, Bwana Justin, akatoka nje tai ikiwa imemkalia begani. "Siyo hayo, jamani. Ya kompyuta."

Stephano akamtazama Inspekta, Inspekta akatazama mlima. Tusimcheke konstebo wa watu. Mwaka ule wa 2002 Mbinga nzima ungetafuta kompyuta ukachoka, na dirisha kwetu lilikuwa kitu cha kuchungulia na kufunga mvua inapokuja.

Ndani, mashine ilikuwa inanguruma mezani, kitambaa chake cha kufuma kimekunjwa pembeni. Kioo kilikuwa cha buluu kitupu. Kwenye ukanda wa chini yalionekana majina ya yale madirisha matatu, yaani programu za kampuni, yamejipanga vizuri, lakini ukiyabofya hakuna kitu kinachotokea. Jina lipo, mwenye jina hayupo. Bwana Justin alibofya mara nyingi mbele yao, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Nimeizima, nimeiwasha, hali ni ile ile. Humu ndimo zilimo alama zote za kuonja kahawa, kijiji kwa kijiji. Ghala limejaa mzigo wa Matiri na Mpepai. Bila vyeti haupandi lori kwenda mnadani Moshi. Ushirika ulipolala wakulima walinikabidhi mimi kahawa yao. Nitawaambia nini?"

"Nani huitumia?"

"Goodluck. Nilimwajiri mwenyewe. Juzi tuligombana hapa hapa, akanipandishia sauti. Jana jioni yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashine. Leo kazi yangu yote imefutwa. Walinzi wamemkamata getini hata kabla hajaingia, wako njiani kumleta kituoni kwenu."

"Mligombania nini?"

"Mambo ya kazi." Akaiweka tai sawa. "Kesho apande kizimbani, Afande. Kuharibu mali. Nataka afungwe."

Stephano alikuwa ameshatoa poda ya kutafutia alama za vidole. Inspekta akamwambia airudishe mfukoni. Vitufe vilivyoguswa na kila mtu vingemwambia nini?

Kwenye meza ya dirishani alikaa karani wa ofisi, Bi Ottilia, mama wa makamo, kitenge kimembana mabegani. Kabla ya kompyuta alikuwa mpiga chapa. Taipureta yake sasa ilikuwa chini ya meza, imewekewa miguu juu yake.

"Jana nani alifunga ofisi, mama?"

"Mimi. Kila siku nafunga mimi."

"Goodluck alikuwa ameondoka?"

"Alikuwa ameondoka."

"Uliona mtu akigusa mashine?"

"Sikuona, Afande. Sijui nani aliyeyasogeza." Akainama, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Huyo kijana wamempeleka wapi? Amekula?"

Inspekta aliyaandika majibu yake, akamshukuru, akaondoka.

Kituoni, Goodluck alitolewa mahabusu bila mkanda wala viatu. Alikuwa kijana mwembamba, mtu wa Liuli, kule chini ziwani. Jicho moja lilikuwa limevimba. Walinzi hawakumkamata kwa adabu.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa. Umeyaiba madirisha ya watu?"

"Hayajaibiwa."

"Umeyafuta? Majina yake bado yako chini, ila yenyewe hayafunguki."

"Hayajafutwa. Kama majina bado yanaonekana chini, basi yenyewe yapo. Yamesogezwa tu." Akaweka kiganja juu ya meza, akakisukuma taratibu hadi kikapita ukingo. "Hivi. Yametoka nje ya kioo. Ukizima yanakumbuka yalipokuwa, ukiwasha yanafunguka huko huko. Yapo, ila huyaoni."

"Unaweza kuyarudisha?"

"Kwa dakika moja."

"Basi twende ukayarudishe, tumalize."

Goodluck akatikisa kichwa. "Nikiyarudisha, meneja atasema si mnaona, aliyeyaficha ndiye anayejua yalipo. Hakimu naye atasema hivyo hivyo. Nitakuwa nimejifunga kwa mikono yangu."

Kijana alikuwa amesema kweli tupu. Akiyaacha, afungwe kwa kuharibu. Akiyarudisha, afungwe kwa kujua.

"Nani mwingine anajua kuyasogeza?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

Goodluck akageuza uso ukutani. "Afande, nimeshakujibu."

Mchana ule Bi Ottilia alifika kituoni na bakuli limefungwa kwa kitambaa: ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa Nyasa, harufu yake ikajaa kaunta nzima. Walimruhusu amwone mtuhumiwa kwenye nondo. Alianza kusema naye Kinyasa, kwa sauti ya chini, ya haraka, na Stephano, ambaye ni Mmatengo wa Mapera, huku huku mlimani, hakuambulia neno.

"Mama, hapa tunasema Kiswahili," alimkatiza. "Ni utaratibu."

"Samahani, baba." Na alipokiacha Kinyasa hakuwa tena na la kusema. Akasimama tu akimtazama kijana anavyokula.

"Ni mwanao?" Inspekta alimuuliza alipokuwa akitoka.

"Ananiita mama mdogo, lakini si wa damu. Yeye Liuli, mimi Mbamba Bay, sote watu wa ziwani. Huku juu kila mtu ni Kimatengo. Sokoni Kimatengo, jumuiya Kimatengo, msibani Kimatengo. Wakiniona mimi wanageukia Kiswahili, wananisemesha kama mgeni. Nimekaa miaka na miaka, Afande, bado ni mgeni."

Inspekta Shemdoe alirudi nyumbani jioni, akawasha jiko la mkaa, akapika wali wa mtu mmoja. Alikuwa Msambaa wa Lushoto. Mkewe alikataa kuhamia huku, akasema Ruvuma ni mbali mno, nenda utarudi. Baridi ya Mbinga ilifanana na ya kwao, na ukungu nao ulifanana na wa kwao, na kufanana huko ndiko kulikomuumiza. Kisambaa chake alimsemesha paka wa jirani. Lilikuwa jambo la aibu kwa mtu mwenye nyota begani, lakini afanyeje? Mtu asipoisema lugha yake inamkaba kooni.

Alikuwa anamkwangulia paka ukoko alipokumbuka. Meneja alisema imefutwa. Stephano aliandika yameibiwa. Mzee Othmar alisema hakuna lililovunjwa. Kisha akaisikia tena ile sauti ya dirishani, imeinamia karatasi: sijui nani aliyeyasogeza.

Akaliacha lile sufuria. Hakuwa na furaha ya mpelelezi aliyepata; alitamani asingepata.

Asubuhi, saa ya mahakama ikikaribia, alimtoa Goodluck mahabusu na kumpeleka kwenye ofisi ya kampuni ya kahawa badala ya kortini. Bwana Justin alikuwapo, Othmar alisimama mlangoni, na Bi Ottilia alikuwa kwenye kiti chake. Kompyuta ilikuwa inanguruma, kioo buluu tupu.

"Mama," Inspekta alianza, "jana nilikuuliza kama uliona mtu akigusa mashine. Unakumbuka ulivyonijibu?"

"Nilisema sikuona."

"Ukaongeza kwamba hujui nani aliyeyasogeza. Wenzako wote walisema yameibiwa, yamefutwa, yamepotea. Wewe hukusema yamepotea. Na ulikuwa hujaonana na Goodluck, maana alikamatwa getini. Nani alikwambia yamesogezwa?"

Nje lori lilipita likipanda mlima kwa shida.

"Bi Ottilia hajui kompyuta," Bwana Justin alidakia. "Hata kipanya hajui kukishika."

"Kipanya sikihitaji," alisema Bi Ottilia.

Akainuka. Akakivuta kiti cha Goodluck, akaketi, akaweka vidole kwenye vitufe jinsi mpiga chapa anavyoviweka, viganja juu, mgongo umenyooka. Akabonyeza viwili pamoja. Akabonyeza herufi moja. Kisha akakishikilia kitufe chenye mshale, na kutoka ukingo wa kulia wa kioo dirisha la kwanza likaanza kuingia, taratibu, na alama za kahawa ya Matiri zikiwa ndani yake hazijapungua hata moja. Akalirudisha la pili. Akalirudisha la tatu.

"Nani alikufundisha?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua.

"Yeye. Mwaka jana kipanya kilipokufa. Alinifundisha saa ya chakula, tukicheka."

"Kwa nini uliyaficha?"

Aliendelea kukitazama kioo. "Niliona meneja anamwandalia uhamisho. Kazi hii ikiisha, Goodluck anakwenda Moshi, makao makuu. Nikajiambia, kazi isipoisha hataondoka. Yakipotea watamwomba abaki ayatafute. Nilitaka tu abaki kidogo. Nani atasema na mimi akiondoka? Nitakaa hapa mpaka nistaafu nasema Kiswahili tu, habari za asubuhi, habari za jioni, nikirudi nyumbani nasema na kuta."

"Na walipomkamata?"

"Niliogopa."

"Ungeyarudisha jana asubuhi, mama. Kwa dakika moja."

"Niliogopa, Afande. Nikasema wataona hana kosa, watamwachia. Sikujua watampiga." Akaanza kulia, bila sauti, mikono bado iko kwenye vitufe.

Inspekta alimgeukia meneja. "Juzi mligombania nini? Sasa nijibu vizuri."

Bwana Justin akakohoa. "Alikuwa anakataa Moshi. Nilimpa nafasi ambayo vijana wanaililia, akasema haendi. Akasema ana mama yake mdogo hapa, hawezi kumwacha peke yake. Nikamwambia kampuni haiendeshwi kwa mama wadogo. Ndipo akapaza sauti."

Bi Ottilia akamgeukia Goodluck. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu kijana aingie. "Ulikataa? Hukuniambia."

Goodluck alikuwa anautazama mlango, lile jicho lililovimba limefumba kabisa.

"Wewe ulijua ni mimi?"

"Nilijua," alisema. "Tangu waliponiambia majina bado yapo chini. Nilikaa pale sakafuni nikisubiri uje useme. Ukaja na usipa."

Inspekta alitafuta maneno ya kazi yake, akayapata kwa shida. Alisema hajui kifungu cha sheria kinachomhusu mtu aliyesogeza dirisha na kulirudisha. Alisema mlalamikaji akifuta malalamiko jalada litafungwa, na kwamba kuna jambo la jicho la kijana ambalo walinzi wa kampuni wangetakiwa kulieleza, kama Bwana Justin angependa kuendelea. Bwana Justin hakupenda. Alikuwa anazitazama alama zake na kuhema, na alisema kwa upande wake yameisha, lori liitwe, na Goodluck arudi kwenye kiti chake.

"Bwana Meneja," Goodluck alisema, "ile nafasi ya Moshi bado ipo?"

"Ipo."

"Nitaichukua. Nikipata lori la leo naondoka na mzigo."

Bi Ottilia akasimama, akamfuata hadi mlangoni, akamshika mkono wa shati. Alianza kumsemesha Kinyasa. Maneno yalimtoka mengi, yanagongana, na hakuna mwingine mle ndani aliyeyaelewa, lakini hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Alimwomba. Mtu anayeomba anajulikana kwa lugha yoyote ile. Othmar alivua kofia akaitazama ndani.

Goodluck alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake polepole, bila kumkwaruza.

"Hakuna shida, Bi Ottilia," alisema kwa Kiswahili safi, kile cha ofisini. "Nashukuru kwa ushirikiano. Ubaki salama."

Akashuka ngazi. Alipita chini ya madirisha yale ya kweli, moja baada ya jingine, wakamwona hadi alipokata kona ya ghala.

Bi Ottilia alibaki kizingitini, mkono bado umenyooka kidogo. Inspekta akamsogelea.

"Afande," mama akasema, "umemsikia? Amenijibu Kiswahili."

"Nimemsikia, mama."