Chumba cha Mwonjaji

Kombeo lilipoanza kuzunguka, vikombe vya chai kwenye chumba cha uongozi vilitetemeka, na watu wote wakavikodolea macho kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Kombeo lenyewe lilikuwa chini, ndani ya shimo la duara lililochongwa kwenye mwamba wa Mawe Makuu, katika uwanda wa Singida. Ni mkono mmoja mrefu wa chuma unaozungushwa ndani ya ombwe, yaani mahali palipofyonzwa hewa yote, hadi unapata mwendo ambao jicho haliuoni tena. Hapo kishikio kilichoko kwenye ncha ya mkono hufunguka, na setilaiti ndogo hurushwa kupitia tundu la juu, ikatoboa mawingu bila tone la mafuta. Watoto wa uwanda ule walikua wakiamini kwamba nyota nyingine zimetoka kwao, na hawakukosea sana.

Kombeo halikuwa mali ya mtu mmoja. Lilikuwa la Kongano la Anga, mji mzima wa kampuni ndogondogo zilizojengwa ukuta kwa ukuta. Ghorofa za juu walikaa watafiti, za katikati zilikuwa karakana, na chini walikuwapo wanasheria na watu wa masoko. Mtu mwenye wazo na mikono miwili aliingia pale akiwa peke yake, akapewa meza, mashine za kuazima na majirani wa kumuuliza, na baada ya mwaka alikuwa na kampuni. Utafiti usiowezekana ardhini ulipelekwa Kibandani, maabara iliyokuwa ikiizunguka dunia, ambako watafiti watatu waliishi kwa zamu. Langoni paliandikwa "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo", na kusema kweli, moto uliwaka.

Ila palikuwa na sharti moja. Wenyeji wa uwanda ule wana desturi kwamba mwenye kualika hunywa kwanza mbele ya wageni, ili waone hakuna sumu. Waanzilishi wa Kongano waliichukua desturi hiyo kama ilivyo. Kifaa kipya kikizungushwa kwa mara ya kwanza, aliyekitengeneza, ambaye humwita mwenye chungu, huketi kwenye chumba kidogo kilichochimbwa ukutani mwa shimo, mkabala na ncha ya ule mkono. Akitoka salama, kifaa chake kimeonjwa. Na kilichoonjwa hakionjwi tena. Jirani yeyote anakichukua na kukitumia bila kukipima upya. Ndiyo maana walikua haraka kuliko wenzao wa nchi nyingine, na walipenda kulisema hilo kila walipopata mgeni.

Mwonjaji aliweza kulisimamisha Kombeo kwa neno moja, "Simama". Hakuna aliyewahi kulitamka. Kulitamka ilikuwa ni kukiri kwamba umewaalika majirani kwenye sumu, na kampuni ya namna hiyo ilifungasha virago.

Asubuhi hiyo mwonjaji alikuwa Zefania.

Dada yake, Injinia Elinami, alisimama juu mbele ya kipaza sauti. Kishikio kipya walikiunda pamoja, yeye kwa hesabu na mdogo wake kwa mikono. Alitaka kushuka yeye, Zefania akamcheka. "Dada, wewe ukifa nani atajua kukisahihisha?" Wakati ule utani huo ulimchekesha. Sasa ulimkereketa kama mwiba wa samaki kooni.

"Mwendo umefika nusu, wanangu," ilisema sauti ya upole kutoka darini. "Kila kitu ni shwari."

Hiyo ilikuwa akili mnemba iliyoendesha Kombeo. Jina lake rasmi lilikuwa refu, kwa hiyo watu waliiita Shangazi, nayo ilizoea na kuwaita wanangu.

"Zefa, unaendeleaje?" aliuliza Elinami.

"Niko sawa, dada. Kuna baridi tu."

Hapakuwa na baridi kule chini. Elinami alilijua hilo, akanyamaza, na katika ule ukimya akausikia mlio. Ombwe halipitishi sauti, lakini mwamba hupitisha. Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Kishikio chake kikilemewa hutoa ngurumo nzito. Alikuwa ameisikia mara nyingi maabara. Mlio mwembamba namna ile ungetoka kwenye kitu kidogo tu, na kitu kidogo pekee kwenye ncha ya mkono kilikuwa pini inayokifunga kishikio. Pini hiyo hakuitengeneza yeye.

Aliyeitengeneza alisimama kando yake na kikombe cha chai mkononi. Mzee Longino alikuwa mwenyekiti wa Kongano na mtu wa kwanza kabisa kuketi kwenye kile chumba. Ndiye aliyempokea Elinami, akampa meza karibu na yake na kumwelekeza kama binti yake. Binti yake mwenyewe, Editruda, alikuwa Kibandani zamu hiyo.

"Mzee, unausikia mlio huo?"

"Ni mwamba."

"Ni pini."

"Pini imeshaonjwa, mwanangu." Alilisema kwa namna ya mtu anayesema jua limeshachomoza.

"Shangazi, pini ina hali gani?" Elinami alipaza sauti.

"Sina habari zake, mwanangu. Vilivyoonjwa siviwekei masikio. Nakisikiliza kishikio, na kishikio ni kizima."

Elinami aligeukia kipaza sauti. "Zefa, nisikilize. Sema lile neno."

Sauti ya mdogo wake ikaja, imepanda kidogo. "Dada, nikilisema tumekwisha. Watu wote wanasubiri."

"Lisimamishe wewe, Shangazi!"

"Siwezi. Neno hilo ni la mwenye chungu, akiwa chumbani."

Elinami hakungoja zaidi. Alishuka ngazi mbio, mkono ukiparuza ukuta, na kila alivyoshuka mwamba ulizidi kutetemeka na ule mlio wa mbu ulizidi kunenepa. Aliogopa. Aliogopa kiasi kwamba miguu yake ilitaka kugeuka, naye akailazimisha kama mtu anayemvuta mbuzi kwenye mvua. Mlango wa chumba haukuwa na kufuli. Waanzilishi walitaka kila mmoja aonje kwa hiari yake.

Zefania alikuwa ameketi huku amekishika kiti kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo imemkauka. Mbele yake palikuwa na ukuta tu, na nyuma ya ukuta ile ncha ilikuwa ikipita na kupita, ikiwa na mzigo wenye uzito wa gunia la mahindi.

"Ondoka, dada," alisema.

"Kwa nini husemi?"

"Nimejaribu. Naogopa kufa, lakini kinywa kinaogopa zaidi. Hakifunguki."

Elinami alimshika bega. Aliwafikiria majirani waliomwazima kila kitu alichokuwa nacho, akaona nyuso zao zikimgeukia, na kwa kitambo kidogo kinywa chake pia kiligoma. Ndipo akaelewa kwamba chumba kile hakikumfanya mtu awe jasiri. Kilimfanya awe bubu.

"Simama!" alipiga kelele.

"Mwanangu, una hakika? Tangu Kongano lianze hakuna—"

"Mimi ndiye mwenye chungu! Simama!"

Kombeo halisimami kama baiskeli. Lilichukua muda mrefu kupunguza mwendo, na muda huo wote mlio ulipanda na kushuka huku dada na mdogo wake wameketi sakafuni, wameshikana mikono kama walivyofanya utotoni radi zilipopiga. Zefania alilia bila kujificha. Hatimaye mwamba ukatulia, na wakasikia hewa ikirudishwa shimoni.

Kishikio kilipofunguliwa, pini ilitoka vipande viwili. Ilikuwa imebaki kushikwa na uzi wa chuma, basi. Mzee Longino aliipokea kiganjani na kuitazama bila kupepesa. Hakuna aliyemlaumu Elinami, wala hakuna aliyempongeza. Watu walisimama tu kuizunguka ile pini.

"Ulipoionja, Kombeo lilikuwa na mwendo huu?" aliuliza Elinami.

"Lilikuwa la zamani. Nusu ya mwendo huu."

"Na baada ya hapo nani aliipima?"

"Nani apime kilichoonjwa?" Alijibu taratibu, na jibu lake mwenyewe likaonekana kumtisha. "Siku ile niliusikia mlio, Elinami. Mdogo, lakini niliusikia. Nikanyamaza."

"Chuma hiki kinachoka, mzee. Kila kikilemewa kinachoka zaidi. Nyingine umezipeleka wapi?"

Longino aliinua macho polepole, akayapitisha kwenye ngazi, kwenye dari, na zaidi ya dari.

Elinami aliyafuata macho yake. "Kibandani?"

"Kwenye bawaba za mlango wa nje," alisema mzee. "Zote. Zikikatika, mlango unafyatuka na hewa yote inatoka."

Walipanda mbio. Shangazi aliunganisha mawasiliano, na sauti ya msichana ikajaa chumbani, changamfu, karibu kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Shikamoo, baba! Umenikuta nimeshavaa vazi la ombwe. Niko mlangoni, natoka nje kuchukua sampuli. Wenzangu bado wamelala humu."

"Edi," Longino alisema. "Ngoja kidogo. Huo mlango. Zile pini."

"Zina nini?"

Mzee aliwatazama majirani zake, waliozichukua pini zake miaka yote hiyo na kumwita mwenyekiti.

"Baba, mbona unanitisha?" Editruda alicheka. "Pini si zako mwenyewe? Zimeshaonjwa hizi."

Longino alifungua kinywa. Lilikuwa limebaki neno moja tu, na Elinami aliliona linavyomkwama kooni. Akamrukia kukinyakua kipaza sauti, na kutoka kule juu wakasikia komeo la mlango likianza kuzunguka kwa mlio mwembamba.