Mizunguko Miwili kwa Sidi Belghit

Kengele ya mkanda ilianza kulia mara tu alipoliacha kaburi la walii Sidi Belghit. Ti, ti, ti. Zulikha akaugusa mkanda wake, umefungwa. Akatazama taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka, akaona ni ya kiti cha abiria. Kwenye kiti cha abiria hapakuwa na mtu, hapakuwa na mkoba, hapakuwa hata na chupa ya maji.

"Na wewe gari usinianze," alisema. Akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu, akaufunga. Kengele ikanyamaza.

Msimlaumu kwa haraka yake. Mama yake alikuwa mahututi Tamanrasset, na miaka sita hawakusemeshana, tangu Zulikha aliposhindwa kwenda kumzika baba kwa kuwa, alisema, njia ya jangwani ni ndefu. "Ndefu kwako peke yako?" mama alimuuliza kwenye simu, na hayo ndiyo yakawa maneno yao ya mwisho. Sasa kaka yake Lakhdar alikuwa amempigia: mama anataka kumpa radhi, ila mkono kwa mkono, si kwa simu. Mtoto gani atasikia hivyo akatulia? Akatoka Ghardaya peke yake, na hii ilikuwa siku ya pili yuko njiani.

Asubuhi, kwenye kituo cha mafuta cha Arak, dereva mmoja wa lori, mzee Bujema, alimtania.

"Peke yako, mwanangu? Mume kakuchoka?"

"Nimemchoka mimi, ami."

Bujema akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha mzaha. "Ukifika kwa Sidi Belghit, lizungushe gari kaburini mara tatu. Hapo hata askari wanazunguka. Tatu, umenisikia? Mbili hazitoshi."

"Nimesikia, ami."

Na kweli alizunguka. Mara ya kwanza, mara ya pili, halafu simu ikalia, maana pale kaburini mtandao hushika. Lakhdar alikuwa analia. "Uko wapi? Daktari anasema hafiki kesho. Kila dakika mama anauulizia mkono wako." Zulikha akakata usukani, akarudi barabarani. Mizunguko miwili, basi.

Sasa ndani ya gari pakaanza kunuka udongo uliolowa mvua, na huko mvua haijanyesha tangu mwaka juzi. Akafungua dirisha, harufu ikazidi. Akatupia jicho kile kiti. Mkanda ulikuwa unavutika taratibu, unalegea, unavutika, unalegea, kama ulio juu ya kifua cha mtu anayepumua. Saa ya gari ilionyesha saa saba kasorobo, jua la kichwani, mchana kweupe. Nani anatishwa mchana kweupe? Akajiambia ni barabara mbovu tu inatikisa gari.

Akapanda kilima, akashuka, na mbele yake akaona ukuta mweupe na vitambaa vya kijani vinapepea. Kaburi la Sidi Belghit.

Hakuwa amegeuza gari. Aliapa kwa Mungu wake hakuwa amegeuza gari. Akakaza mwendo, akalipita bila kulitazama, akahesabu nguzo za kilomita kwa sauti, moja, mbili, tano, tisa, na baada ya ya tisa akapanda kilima kilekile, akashuka mteremko uleule, na ule ukuta mweupe ulikuwa pale unamngoja, na saa ya gari bado ilikuwa saa saba kasorobo.

Safari hii palikuwa na lori, na Zulikha akasimama. Bujema alikuwa anamalizia mzunguko wake wa tatu. Alipomwona akasimama, akateremka, akaja dirishani na kicheko chake cha asubuhi. Kicheko kikafia mdomoni.

"Mwanangu," alinong'ona, "yupi kati yenu niliyeongea naye asubuhi?"

"Kati yetu nani, ami?"

Bujema akarudi nyuma hatua moja, ya pili. "Hata mitandio mmefanana. Ya Rabi! Malizia wa tatu. Zunguka na gari, usishuke! Ukishuka umemwachia nafasi yako."

"Ami, usiniache naye!"

"Nina watoto, mwanangu. Nina watoto!" Akapanda lori lake, akaondoka na vumbi.

Zulikha akalielekeza gari kaburini. Hakuthubutu kugeuza shingo, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, aya aliyoijua tangu utotoni, aya aliyoisoma kila usiku, na katikati ikampotea, ulimi ukagota, na pale ulipogotea sauti ya pembeni yake, sauti yake mwenyewe, tulivu, ikaichukua aya na kuiendeleza neno kwa neno bila kukosea herufi, na ile harufu ya udongo ikamgusa shavuni kwa joto la pumzi. Akapiga breki, akafungua mlango, akaruka nje.

Alijiambia hata wa miguu ni mzunguko. Akakimbia kulizunguka kaburi, simu mkononi, kiatu kimoja kimemtoka, changarawe inamchoma, na alipokuwa nyuma ya ukuta akasikia mlango wa gari unafungwa polepole, kistaarabu. Alipotokea upande wa pili, gari lilikuwa linaingia barabarani. Mwanamke aliyeshika usukani alikuwa anautengeneza mtandio wake wa buluu kwa kidole kidogo, vile vile anavyofanya Zulikha.

Alipiga mayowe hadi sauti ikamkauka. Akatembea. Kila alipotembea, kaburi likawa mbele yake. Akakata kushoto kwenye mawe, kaburi likawa mbele yake. Kivuli chake kilibaki kifupi chini ya nyayo, hakirefuki, na jua halikusogea hata unywele. Kila mara akampigia Lakhdar, kila mara simu ikakatika, mpaka hatimaye ikapokelewa.

"Lakhdar! Niko kwa Sidi Belghit, njoo unichukue, mwambie mama aningoje!"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi! Zulikha!"

Nyuma ya Lakhdar adhana ya magharibi ilikuwa inasomwa, na wanawake walikuwa wanasoma Yasini. Kisha Zulikha akaisikia sauti ya mama yake, nyembamba, ya mtu aliyeridhika.

"Radhi yangu yote ni yako, mwanangu, ya dunia na akhera. Usiniachie. Mkono wako wa baridi unanipoza."

"Nisamehe, mama," ikajibu sauti yake mwenyewe kutoka chumba kile, ikilia. "Njia ilikuwa ndefu."

"Mama, si mimi huyo!" Zulikha alipiga kelele. "Mama, mwachie! Hiyo ni radhi yangu!"

Akasikia hatua, mlango, kisha Lakhdar kwa karibu, sauti imejaa machozi na hasira.

"We mwanamke, simu ya dada yangu umeiokota wapi? Huna haya, kuchezea watu kwenye msiba? Dada yangu yuko hapa tangu alasiri. Sasa hivi anamfumba mama macho. Usinipigie tena."