Karatasi Huja Kabla ya Mbiu

Kila asubuhi uchochoro wa kina Amur ulinukia ufuta. Harufu ilitoka kwenye chungu cha Hamdiya, mkewe, aliyeoka mikate ya kuuza. Jiko lake lilikuwa nje, kando ya mlango, ndani ya kiukuta cha mawe. Nyumba yao ilikuwa ya makuti ya mtende, na mwenye akili hawashi moto ndani ya makuti.

Walikuwa wametoka Unguja. Kule Amur alikuwa karani. Hapa Maskati, mwishoni mwa mwaka 1970, alikuwa bado anatafuta kazi. Kwa sasa kazi yake ilikuwa kula mkate na kuusifu.

Siku moja jirani yao, Bi Muhsina, alirudi kutoka sokoni akasimama mlangoni.

"Amur, umeisoma karatasi iliyobandikwa Mlango Mkubwa wa mji?"

"Ya nini, Bi Muhsina?"

"Ya moto."

"Mbiu imelia?"

"Haijalia."

"Basi hakuna jambo," alisema Amur. "Sie kwetu twajua: mbiu ya mgambo ikilia, ndo kuna jambo."

Bi Muhsina alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Ewe Amur! Ukingoja mbiu, utakuta jambo limeshaingia, limekunja miguu, lanywa kahawa yako!"

Kisha akawaeleza. Nyumba za makuti zilikuwa zimeungua mtaa wa pili. Sasa liwali alitaka kutoa amri: mtu yeyote asiwashe moto uchochoroni. Maneno yatasomwa barzani, kwenye baraza la liwali, Jumatatu.

Hamdiya aliacha mkate ukaungua. "Ntaoka wapi mie? Na tutakula nini?"

"Wakubwa wakishaandika, khalas," alisema Amur. "Amri ni amri."

"Bado si amri," alisema Bi Muhsina. "Ni rasimu tu, maneno ya kutazamwa. Kwanza huandikwa, hubandikwa. Kisha husomwa barzani, na watu husema. Kisha husahihishwa, hupigwa muhuri. Mbiu ndiyo ya mwisho. Mbiu ikilia, mlango ushafungwa."

Mumewe marehemu alikuwa karani wa barza. Mambo hayo Bi Muhsina aliyasikia kila jioni, atake asitake.

"Basi ntakwenda niwaeleze shida zetu," alisema Amur. "Ntalia ikibidi."

"Ukilia watakupa kahawa na tende, urudi nyumbani umeshiba. Nani pale hana shida? Nenda na maneno ya kutia kwenye amri. Lakini kwanza jiulize, wao waogopa nini?"

Hamdiya ndiye aliyejibu. "Waogopa makuti kushika moto. Hata mie naogopa. Ndo maana nna ukuta wa mawe na ndoo ya mchanga."

"Wallahi, maneno ndo hayo!" alisema Bi Muhsina. "Mfundishe mumeo, asije akayamwaga njiani."

Amur alikwenda Mlango Mkubwa akaisoma karatasi mwenyewe, mara mbili. Jumatatu akaenda barzani. Alimkuta mzee mmoja, Suud, ambaye nyumba yake ilikuwa imeungua.

"Mie nalala kwa shemeji yangu," alisema Suud mbele ya watu. "Moto wote upigwe marufuku."

Amur alitaka kuanza hadithi ya Unguja, na hadithi hiyo ilikuwa ndefu. Akaimeza.

"Mzee Suud ana haki," alisema. "Naomba tuongeze maneno machache tu. Isipokuwa moto ulio ndani ya ukuta wa mawe, na mchanga kando yake."

"Na upepo ukivuma?" aliuliza Suud. "Cheche zasoma amri?"

Watu wakacheka. Amur aliwaza kidogo. "Ukivuma, hatuwashi."

"Basi na hilo liandikwe," alisema Suud.

Liwali hakuahidi kitu. Alisema tu, "Tumesikia."

Nyumbani Hamdiya alimpokea kwa swali. "Wamekubali?"

"Wamesikia. Lakini siku za upepo hutaoka."

"Siku za upepo ntakanda unga. Weye utapepeta ufuta."

Bi Muhsina hakuridhika. "Maneno huanguka kati ya barza na muhuri, hata bila ya ubaya wa mtu. Rudi kwa karani wa liwali, uliza kama yameandikwa."

Amur alirudi. Karani alitafuta, akaona ukuta na mchanga vipo. Upepo haupo. Amur angeweza kunyamaza, maana upepo ulikuwa hasara kwake. Lakini alikuwa ameahidi mbele ya Suud. "Na upepo," alisema. Karani akaandika.

Siku zikapita. Asubuhi moja mbiu ikalia. Mpiga mbiu akasimama penye njia panda, na watu wakatoka majumbani. Alisoma kwa sauti: "Mtu yeyote asiwashe moto uchochoroni..."

Hapo akashikwa na kikohozi.

Hamdiya alikamata mkono wa mumewe. Mpiga mbiu alikohoa, akaomba maji, akanywa bila ya haraka. Midomo ya Amur ilikuwa inatikisika.

"Waomba dua?" Hamdiya alinong'ona.

"Namsaidia kusoma."

"...isipokuwa moto ulio ndani ya ukuta wa mawe," aliendelea mpiga mbiu, "na mchanga kando yake, na upepo usipovuma."

Hamdiya aliingia ndani, akatoka na ndoo ya mchanga. Akaiweka kando ya jiko mahali ambapo kila apitaye angeiona. Kisha akapuliza makaa.

Kesho yake Amur alipita Mlango Mkubwa. Palikuwa na karatasi mpya, inayohusu mbuzi wanaozurura mjini. Amur hakuwa na mbuzi. Aliisoma yote, mpaka chini.

Kisha akaenda moja kwa moja kubisha kwa Bi Muhsina, mwenye mbuzi saba.

"Bi Muhsina! Umeisoma karatasi?"

"Karatasi gani tena?" aliuliza bibi kutoka ndani. "Mbona mbiu sijaisikia?"